Nitajuaje kwamba ninamfuata mtakatifu na si kwamba ninamwigiza tu?

Mwanzisha mada

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu.

Nimekuwa nikisoma michango yenu kwa muda mrefu bila kuandika neno, na leo nimeona nilete jambo lililonikaa moyoni tangu Kwaresima ilipoanza, nikiamini kwamba miongoni mwenu wamo waliokwisha kulipitia. Padre ninayeungama kwake alinishauri nichague mtakatifu mmoja, nisome maisha yake taratibu bila kurukaruka, nimwombe aniombee, na nimtazame kama ndugu aliyenitangulia katika njia ya kumfuata Kristo. Nilimchagua Teresa wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux nchini Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1873 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 24 tu. Nilisikia kwamba njia yake inaitwa njia ndogo, nami ni mtu wa ofisini mwenye ndoa na watoto, siwezi kwenda kuishi jangwani wala kukesha usiku kucha katika sala, kwa hiyo nikaona huyu ndiye anayenifaa.

Kinachonisumbua ni hiki. Teresa anasimulia habari za sista mmoja wa monasteri yao ambaye tabia zake, maneno yake na mwenendo wake, vyote vilimkera. Hakutaka kuishia kwenye kero hiyo, akaazimia kumtendea kana kwamba ndiye anayempenda kuliko wote. Alimwombea kila walipokutana, akamfanyia kila hisani aliyoiweza, na aliposhikwa na hamu ya kumjibu vibaya alimpa tabasamu na kubadilisha mazungumzo. Siku moja sista yule akamwuliza, kwa uso wa furaha, ni kitu gani kinachomvutia hivyo kwake, kwa kuwa kila akimtazama humwona akitabasamu. Niliposoma mahali hapo nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu nilijua mara moja Mungu ananionyesha nani.

Ninaye mwenzangu kazini ambaye meza yake inatazamana na yangu. Mara kadhaa amechukua kazi niliyoiandaa mimi akaiwasilisha kikaoni kama yake, na nikizungumza hunikatiza kabla sijamaliza sentensi ya pili. Basi nikaazimia kufanya kama Teresa. Nimetabasamu kwa wiki tano. Nimemsalimu wa kwanza kila asubuhi, nimembebea mafaili, nimenyamaza kila aliponikatiza. Matokeo yake ni kwamba nikifika nyumbani nawafokea watoto kwa kosa la kumwaga maji mezani, usiku sipati usingizi kwa kurudia kichwani maneno ambayo ningemwambia, na wiki iliyopita yeye mwenyewe alinitazama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mbona siku hizi unanichekea hivyo? Kuna jambo gani?” Hakuuliza kwa furaha kama yule sista. Aliuliza kama mtu aliyeingiwa na hofu.

Swali langu ni je, kumfuata mtakatifu ni kutenda yale aliyoyatenda? Ikiwa ndivyo, mbona tendo lile lile lililokuwa upendo kwake limekuwa unafiki kwangu? Na ikiwa sivyo, basi nimfuate katika jambo gani? Naomba mnijibu kwa unyoofu, hata kama jibu ni kwamba nilichagua vibaya.

Mchangiaji wa kwanza

Milele amina, ndugu yangu.

Mimi ni katekista, na kwa miaka mingi nimewaandaa watu wazima kupokea Ubatizo na Kipaimara, ambapo kila mmoja hujichagulia mtakatifu wa kuwa msimamizi wake. Swali lako nimelisikia mara nyingi, ingawa ni wachache wanaoliuliza kwa uwazi kama ulivyoliuliza wewe. Kwa maoni yangu hukuchagua vibaya hata kidogo, ila umeichukua nusu ya habari na kuiacha nusu nyingine.

Rudi kwenye ukurasa ule ule unaozungumzia sista aliyemkera. Utakuta Teresa anakiri kwamba mara nyingine, walipokuwa na shughuli ya kufanya pamoja na vita vya ndani vikamzidi, alikimbia kama askari anayetoroka jeshini. Hakukaa pale akijilazimisha kutabasamu mpaka uso ukauke. Aliondoka. Na kuna tukio jingine ambalo huwa nalisoma na wanafunzi wangu kila mwaka. Mkuu wa monasteri alikuwa mgonjwa wa kifua, na Teresa alikwenda taratibu chumbani kwake kurudisha funguo alizokabidhiwa. Sista mwingine, kwa hofu kwamba mgonjwa ataamshwa, akataka kuzichukua funguo hizo. Teresa naye akashikilia kuwa ni wajibu wake kuzirudisha mwenyewe. Wakavutana, mlango ukapiga kelele, na mkuu akaamka. Sista yule akaanza hotuba ndefu kwamba mwenye kosa ni Teresa. Teresa alikuwa na utetezi wake tayari mdomoni, lakini alijua kwamba akianza kujitetea atapoteza amani yote ya moyo wake, na alijua pia kwamba hana nguvu ya kusimama pale akisikiliza lawama kwa utulivu. Akaondoka bila neno. Moyo ulimdunda kwa nguvu hata hakuweza kwenda mbali, ikabidi aketi kwenye ngazi.

Mtazame pale kwenye ngazi, ndugu yangu, kwa sababu naona huyo ndiye Teresa ambaye hujakutana naye bado. Alizijua nguvu zake zinaishia wapi na hakuona aibu kulikubali hilo mbele ya Mungu. Njia yake ndogo msingi wake ni huo. Alisema kwamba alikuwa mdogo mno kupanda ngazi ngumu ya ukamilifu, akatafuta lifti kama zile zilizoanza kuwekwa katika nyumba za matajiri wa wakati wake, akaipata lifti hiyo katika mikono ya Yesu mwenyewe. Wewe kwa wiki tano umekuwa ukipanda ngazi kwa miguu yako, tena umebeba mafaili ya mwenzako, ukidhani hiyo ndiyo njia ya Teresa.

Sasa nije kwenye kiini cha swali lako. Waraka kwa Waebrania 13:7 unatuagiza tuwakumbuke waliotuongoza na waliotuambia neno la Mungu, kisha unasema: “kwa kuchunguza sana mwisho wa mwenendo wao, iigeni imani yao.” Mwenendo tunaambiwa tuuchunguze sana, kinachoigwa ni imani. Tabasamu la Teresa lilikuwa mwenendo. Imani iliyokuwa nyuma yake ameieleza mwenyewe aliposema kwamba kilichomvutia kwa sista yule ni Yesu aliyefichika ndani kabisa ya roho yake. Alimtazama mtu anayemkera mpaka akamwona Bwana pale, na tabasamu likaja kama tunda. Je, wewe umewahi kumtazama mwenzako hivyo, au umekuwa ukijitazama mwenyewe jinsi unavyomtendea? Naomba usinielewe vibaya. Nauliza kwa sababu mimi mwenyewe nilitumia miaka mingi nikijitazama.

Na kuna jambo ambalo huwa nashangaa watu hawalitaji. Teresa naye alikuwa na mtakatifu wake wa kumfuata. Tangu utoto alimpenda sana Yoana wa Arc, yule binti aliyevaa silaha akaongoza majeshi ya Ufaransa na kuchomwa moto mjini Rouen mwaka 1431, katika Normandia ile ile ambamo Lisieux iko. Aliposoma habari zake akiwa bado msichana alitamani kutenda makuu kama yake, na hapo akapata mwanga kwamba utukufu wake mwenyewe utafichika machoni pa watu na utakuwa ni kuwa mtakatifu. Akiwa monasterini aliandika michezo miwili ya kuigiza juu ya Yoana, na katika michezo hiyo yeye mwenyewe alivaa nguo za Yoana mbele ya masista wenzake. Huko kuvaa kulikuwa kuigiza kweli kweli, kwa saa chache, tena kwa furaha. Kisha alizivua akarudi kufua na kufagia, na huko kwenye kufua na kufagia ndiko alikomfuata Yoana kwa maisha yake yote: ujasiri ule ule, utii ule ule kwa sauti ya Mungu, lakini bila upanga, bila farasi na bila mtu wa kumshangilia. Mwaka 1944 Papa Pius XII alimtangaza kuwa msimamizi wa Ufaransa pamoja na Yoana huyo huyo, na ukiwaweka wawili hao bega kwa bega hutaona tendo hata moja la nje linalofanana.

Kwa hiyo ningekushauri uliache tabasamu kwa sasa. Msalimu mwenzako kama unavyowasalimu wengine. Badala ya tendo la nje, chukua lile alilolitanguliza Teresa, yaani kumwombea kila mnapokutana. Mwombee kwa jina, kwa sentensi moja, huku ukimtolea Mungu fadhila zake hata kama unaiona moja tu. Siku ukizidiwa, ondoka uende ukaketi kwenye ngazi yako.

Mchangiaji wa pili

Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni Mlutheri, na nimefuatilia mazungumzo haya kwa heshima, kwa hiyo naomba mnivumilie nikisema wazi kile kinachonipa shida. Mtume Petro anaandika: “Kristo naye aliteswa kwa ajili yenu, akawaachia kielelezo, mfuate nyayo zake” (1 Petro 2:21). Neno la Kigiriki lililo nyuma ya hilo “kielelezo” lilitumika kwa herufi ambazo mwalimu humwandikia mtoto anayejifunza kuandika, ili azifuatishe kwa mkono wake mpaka zimkae. Ikiwa tunazo herufi zilizoandikwa na Mwalimu mwenyewe, kwa nini nichukue daftari la mwanafunzi mwenzangu na kunakili humo? Mwanafunzi akipinda herufi, nami nitaipinda. Nina hofu kwamba mtu anaweza kujua kila tukio la maisha ya Teresa na akawa mgeni katika Injili.

Hata hivyo, nimekwenda kuangalia Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo ndilo ungamo la imani la kanisa letu, na ibara ya 21 inafundisha kwamba watakatifu wakumbukwe ili tufuate imani yao na matendo yao mema, kila mtu kwa kadiri ya wito wake. Ibara hiyo hiyo inakataa kuwaomba watakatifu, na hapo najua hatutakubaliana leo. Lakini maneno “kila mtu kwa kadiri ya wito wake” naona yanamjibu muulizaji vizuri sana, tena yanapatana na hayo aliyoyasema ndugu katekista kuhusu Yoana na Teresa. Mtawa aliitwa kuwa mtawa. Wewe umeitwa kuwa mume au mke, mzazi, na mtumishi mwaminifu mahali pako pa kazi. Kama kumfuata Teresa kunakufanya uwafokee watoto uliopewa na Mungu ili upate kumtabasamia mtu wa ofisini, basi mpangilio wa wito wako umepinduka, na nadhani Teresa mwenyewe angekuwa wa kwanza kukuambia hivyo.

Tena kumbuka Petro kando ya bahari ya Tiberia baada ya ufufuo. Bwana amekwisha kumwambia atakavyokufa, naye anageuka, anamwona yule mwanafunzi mwingine akifuata nyuma, anauliza, na huyu je? Jibu la Bwana ni kali: “imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi” (Yohana 21:22). Hata mtakatifu aliye hai, anayetembea hatua mbili nyuma yako katika mchanga ule ule, njia yake si yako.

Mchangiaji wa tatu

Nawashukuru nyote mliotangulia. Ndugu yetu Mlutheri amesema neno ambalo sisi Wakatoliki tunapaswa kulisikia, ingawa ningemwongezea hili kwa unyenyekevu: mtoto anayejifunza kuandika hufuatisha herufi za mwalimu, lakini mara nyingi huelewa jinsi ya kushika kalamu kwa kutazama mkono wa dada yake mkubwa aliyeketi karibu naye. Paulo hakuona vibaya kuwaandikia Wakorintho, “Mnifuate mimi kama mimi ninavyomfuata Kristo” (1 Wakorintho 11:1). Teresa mwenyewe alibeba Injili kifuani pake mchana na usiku, na hakuna siku niliyosoma maandishi yake bila yeye kunirudisha kwenye Injili hiyo.

Mimi simjui mtu wa ofisini. Ninayemjua ni mama yangu, ambaye nimemwuguza kwa miaka minne sasa, na sitaeleza mengi kumhusu kwa sababu anastahili heshima. Nataka tu kusema jinsi Teresa alivyonisaidia, kwa kuwa sikumfuata kwa kupanga.

Alipokuwa bado mnovisi, yaani mtawa aliye katika malezi ya mwanzo, palikuwa na sista mzee, mgonjwa, aliyekuwa hawezi kutembea peke yake. Kila jioni, dakika kumi kabla ya saa kumi na mbili, ilibidi mtu aache sala ampeleke kwenye chumba cha kulia, na kwa kuwa bibi huyo alikuwa mgumu kuridhika, hakuna aliyetamani kazi hiyo. Teresa alijitolea, ingawa anakiri kwamba haikuwa rahisi kwake. Ilibidi kiti kiondolewe kwa namna maalumu, kisha mgonjwa afuatwe kwa nyuma huku akishikiliwa mshipi. Ukienda haraka alilalamika kwamba ataanguka avunjike. Ukienda polepole alilalamika kwamba hausikii mkono wako na umemwacha. Wakifika, aketishwe kwa ustadi, mikono ya nguo yake ikunjwe, tena kwa namna yake anayoitaka. Baada ya hapo Teresa alikuwa huru kuondoka. Lakini siku chache baadaye aligundua kwamba vidole vya mgonjwa vinapata shida kuukata mkate, na tangu hapo hakuondoka kabla ya kumkatia. Hakuna aliyemwagiza amkatie mkate. Hilo, anasema, ndilo lililoushinda kabisa moyo wa sista yule, pamoja na tabasamu alilompa mwishoni.

Niliposoma hapo sikuwaza kabisa kumwiga Teresa. Nilikwenda tu jikoni kuchukua dawa za usiku za mama, nikamletea kama kawaida pamoja na bilauri ya maji, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote nikasimama nikatazama anavyoishika bilauri. Anaishika kwa mikono miwili, na bado inatetemeka mpaka maji yanamlowesha shingoni, kisha anajifuta haraka kwa ncha ya kanga ili nisione. Miaka mitatu nilikuwa nikimwekea bilauri kisha ninageuka kutandika kitanda. Tangu usiku ule ninaishika pamoja naye. Ni jambo la nusu dakika. Ndugu muulizaji, nadhani nilichopewa na Teresa ni macho, na mikono ikafuata yenyewe.

Nikuongezee jambo la pili, kwa sababu umesema hupati usingizi na huenda sala yako imekauka pia. Teresa alisinzia katika sala kwa miaka saba, na anasema jambo hilo lilipaswa kumsikitisha, lakini alikumbuka kwamba watoto wadogo huwapendeza wazazi wao wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Na tangu Pasaka ya mwaka 1896, baada ya kukohoa damu usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, aliingia katika giza la imani lililodumu mpaka kifo chake. Aliandika kwamba katika mwaka mmoja wa giza hilo alifanya matendo ya imani mengi kuliko katika maisha yake yote ya awali. Tabasamu aliloliona kila mtu katika miezi hiyo lilitoka humo gizani. Usilipime la kwako kwa wiki tano.

Mwanzisha mada

Sikutegemea kupata majibu ya namna hii, na nimeyasoma mara tatu, mara moja kwa sauti nikiwa na mwenzi wangu wa ndoa. Kwa ndugu Mlutheri, maneno yako kuhusu watoto yaliniingia sana. Jioni ile ile niliwaomba watoto msamaha, na mdogo aliniuliza kama nimeacha kukasirika kabisa au kwa leo tu. Nilimjibu kwamba ninajaribu.

Limebaki jambo moja. Ndugu katekista amesema Teresa alinyamaza katika lile tukio la funguo. Je, maana yake nami ninyamaze mwenzangu anapoichukua kazi yangu na kuiita yake? Kwa wiki tano nimekuwa nikijiambia kwamba kunyamaza ndio utakatifu, lakini sasa nina wasiwasi kwamba kwa kiasi fulani nilinyamaza kwa kuogopa ugomvi, kisha nikaupa woga huo jina la Teresa.

Mchangiaji wa kwanza

Umeuliza vizuri, na namshukuru Mungu kwamba umeliona mwenyewe kabla hujaambiwa.

Katika lile tukio la funguo, kilichokuwa hatarini ni heshima ya Teresa peke yake, tena kwa jambo la dakika chache ambalo kesho yake lingesahaulika. Lakini yeye huyo huyo alipopewa jukumu la kuwasaidia wanovisi katika malezi yao, hakunyamaza. Aliwaonya, na aliwaonya waziwazi, hata wengine wakamwona mkali. Anakiri kwamba kwake lilikuwa jambo gumu kuliko yote, na kwamba angependa mara elfu kuonywa yeye kuliko kumwonya mtu mwingine. Kwa hiyo ukitaka kutofautisha kunyamaza kwake na kunyamaza kwako, angalia kila mmoja alikuwa anakwepa nini. Aliponyamaza alikuwa anaikwepa raha ya kujihesabia haki. Aliposema alikuwa anaishinda hamu ya kupendwa na kila mtu.

Mwenzako anapoichukua kazi yako anajidhuru mwenyewe kwa uongo, anaudhuru ukweli, na huenda kesho akamfanyia hivyo mtu dhaifu kuliko wewe ambaye hawezi kusema. Injili haijatuacha bila maelekezo hapo: “Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo” (Mathayo 18:15). Angalia kwamba lengo lililotajwa ni kumpata ndugu. Kurudishiwa sifa ya kazi hakukutajwa, ingawa si dhambi kuitaka. Nenda faraghani kwanza, kabla ya kwenda kwa mkubwa wa kazi. Taja tukio moja lililo wazi, la siku inayojulikana, wala usimwage ya miaka yote. Usitabasamu ukiwa unasema, kwa kuwa yeye amekwisha kuliogopa tabasamu lako. Na kabla hujafungua mdomo, mwombee ile sentensi moja tuliyosema. Akikataa, hatua zinazofuata zimeandikwa katika mistari inayoendelea, na hutakuwa umekosa upendo kwa kuzifuata.

Mwanzisha mada

Narudi baada ya siku tisa, kwa kuwa naona si haki kuwaacha bila habari.

Nilimwomba tubaki kidogo baada ya kazi. Nilitaja kikao kimoja tu na ripoti moja tu, nikamwambia kwamba niliumia, na kwamba nimekuwa nikimficha maumivu hayo kwa kumchekea, jambo ambalo halikuwa haki kwake pia. Mwanzoni alikataa. Akasema kazi ya idara ni ya wote. Nilihisi moyo unadunda, nikamkumbuka Teresa kwenye ngazi, nikamwambia kwamba sina la kuongeza kwa siku hiyo, nikachukua mkoba wangu. Nilipofika mlangoni akaniita, akasema tangu apewe onyo na wakubwa mwaka jana amekuwa akiishi kwa hofu ya kuonekana hana alichofanya, na kwamba hakujua mtu yeyote ameliona hilo. Sikulijua hilo la onyo. Nimekaa mbele yake zaidi ya mwaka, meza kwa meza, na sikulijua.

Hatujawa marafiki. Katika kikao cha juzi alinikatiza tena, kisha akasimama katikati ya sentensi akaniachia nimalize. Ninaendelea kumwombea kwa jina kila asubuhi anapovuta kiti chake, na ninawaomba ninyi nanyi mumweke katika sala zenu, yeye zaidi yangu. Ndugu Mlutheri, najua utamwombea kwa Bwana moja kwa moja; nami nitafanya hivyo hivyo, pamoja na kumwomba Teresa asimame nami ninapofanya hivyo. Na dada, au kaka, unayemwuguza mama yako, tuambie anaendeleaje.